Uongozi wa Jeshini na Daftari la Majina



Katika vikao vyetu hapa Kyela limezoeleka neno moja ambalo wengi hulisema bila kulichunguza, kwamba jeshi hukomaza kijana. Mzazi ambaye mwanawe ni mlegevu husema, "Na aende jeshini akaonje taabu, atarudi mtu." Tangu mwaka 2013, vijana wanaomaliza kidato cha sita walipoanza tena kuitwa katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, baada ya mpango huo kusimamishwa mwaka 1994, neno hili limezidi kutumika, na kila mwaka majina yatangazwapo husikika katika nyumba nyingi. Sisi hatulikatai neno lenyewe. Tunalolikataa ni ile sababu iliyojificha ndani yake, yaani kwamba taabu peke yake ndiyo mwalimu. Kama taabu ingalikuwa mwalimu, wapagazi wa vita ya mwaka 1914 wangalirudi wote wakiwa majumbe na mawaziri. Wengi wao hawakurudi kabisa.

Twaona kuwa kinachomkuza mtu jeshini ni jambo jingine, nalo ni kuwajibika kwa ajili ya mwenzake: kujua wako wangapi, ni akina nani, wamekula nini, na yupi hakuonekana jioni. Na kwa kuwa jambo hili katika kila jeshi hufanywa kwa kalamu na daftari, linatuhusu sisi makarani kuliko tudhanivyo.

Tuanze na kwetu. Kabla Wadachi hawajaja, kama wazee walivyowaita Wajerumani, bonde hili la mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo halikuwa na kambi ya askari, lakini lilikuwa na vijiji vya marika. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi wao kwetu kati ya mwaka 1934 na 1938, waliyaandika mambo haya wakati wazee wenye kuyajua walikuwa wangali hai. Mtoto wa kiume alipopata miaka kama kumi aliacha kulala katika nyumba ya baba yake, akaenda na wenziwe kujenga vibanda mahali pao wenyewe. Walichunga ng'ombe wa baba zao pamoja. Hawakula mmoja mmoja. Leo kundi zima lilikwenda kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Katika Kinyakyusa kuna neno la kukaa hivyo na wenzako kwa furaha na adabu, ukwangala, na mtu asiyelijua hakuhesabiwa kuwa mtu mzima hata akiwa na ndevu.

Walipokwisha kuwa watu wazima wenye wake na mashamba, ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambayo kwayo wazee waliikabidhi nchi kwa watoto wao. Hapo kila kijiji kilipewa mkuu wake. Mkuu huyo hakuwa mtoto wa chifu. Wazee wa kizazi kilichokuwa kikiondoka walimchagua katika watu wa kawaida kwa jinsi walivyomwona, wala cheo chake hakikurithiwa na mwanawe. Yeye ndiye aliyewaongoza wenziwe vitani.

Hatusemi kwamba siku zile zilikuwa njema kupita hizi. Watu walinyang'anyana ng'ombe, na mtu aliyestawi kuliko wenziwe aliweza kushukiwa uchawi mpaka akahama na kaya yake. Lakini angalieni jambo moja. Mtu aliyeshika mkuki mbele ya wenziwe alikuwa amekula nao chungu kimoja kwa miaka zaidi ya ishirini. Hakuhitaji orodha ya majina. Orodha ilikuwa kichwani mwake. Kama mmoja angaliachwa porini, mkuu yule angalikutana na mama yake mtu huyo kesho yake asubuhi, na mama huyo ndiye aliyempa chakula alipokuwa mdogo.

Vita ya mwaka 1914 ilifika ziwani kwetu mapema mno. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya Rhoades, iliikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu huko Liuli kwa matengenezo, ikaipiga kwa mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba kuna vita, tena alikuwa rafiki wa Rhoades wa siku nyingi. Yasemekana alitoka kwa ghadhabu kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Kisa hiki huchekesha, na vitabu vya Ulaya havichoki kukisimulia. Majina ya manahodha wawili tunayo. Majina ya mabaharia Waafrika waliokuwamo katika meli, na ya watu waliochota maji na kupasua kuni za tanuri, hayamo katika kisa hicho.

Haukupita mwezi, na tarehe 9 Septemba 1914 jeshi la Wajerumani kutoka Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, lililokuwa limevuka Songwe, liliishambulia Karonga, likarudishwa nyuma. Wengi wa waliopigana pande zote mbili walikuwa Waafrika. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule ni ndugu, nao husikilizana lugha. Lakini mto ambao watu waliuvuka kwenda harusini na matangani uligeuka kuwa mpaka wa bunduki. Mwisho wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia Neu Langenburg, na watu waliokuwa wakichukua mizigo ya bwana wa kwanza wakatakiwa kuchukua ya bwana wa pili.

Askari wa siku zile alikuwa na bunduki, mshahara, na njia ya kupanda cheo; upande wa Wajerumani aliweza kuwa ombasha, kisha shaushi, na maneno haya yalibaki vinywani mwa wazee miaka mingi. Mpagazi hakuwa na njia hiyo. Alikuwa na mzigo. Hapa twawaomba wasomaji wachukue penseli, maana hesabu yenyewe ni nyepesi. Mpagazi mmoja amechukua unga ratili 50, naye ala ratili 2 kila siku. Akienda safari ya siku 12 amekwisha kula ratili 24, na ili arudi salama yampasa kubakiza ratili 24 nyingine. Katika ratili 50 atakazokuwa amezibeba milimani na matopeni, askari aliye mbele atapata ratili 2. Basi mkuu wa jeshi aliye mbali na bohari ana njia tatu tu: aongeze wapagazi, apunguze posho, au asimame. Wakuu wa vita ile hawakupenda kusimama. Waliongeza wapagazi, wakapunguza posho.

Yaliyofuata yanajulikana. Kwa upande wa Waingereza peke yake walihesabiwa wapagazi wapatao milioni moja katika vita yote ya Afrika Mashariki, na hesabu ya Serikali yenyewe ilikubali kwamba waliokufa walizidi 95,000. Waliochunguza baadaye wengi wao huona kuwa hesabu kamili ni kubwa kuliko hiyo. Wachache walikufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa kichomi. Mtu aliyekulia ndizi na maziwa alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, bila nafasi ya kuupika ukaiva, akalala kwenye mvua, na kesho akatwishwa tena.

Uvumilivu wa watu wale haukuwa na mfano. Kila mara tusikiapo hotuba juu ya ustahimilivu wa askari, twawakumbuka wao kwanza, kwa kuwa askari alistahimili akiwa na bunduki mkononi, nao walistahimili mikono mitupu. Lakini uvumilivu wa mtu si mali ya mkubwa wake, autumie apendavyo kisha auite shule. Hapa ndipo tunapoachana na wale wanaosifu taabu. Taabu iliyokwisha pangwa na mtu anayejua mwisho wake na kuuchunga ni mazoezi. Taabu isiyo na mtu wa kuijibia ni hasara tupu.

Jambo hili lilionwa mapema. Mwezi Novemba 1914, baada ya damu kumwagika Karonga, John Chilembwe wa Nyasaland aliliandikia gazeti la Nyasaland Times barua ya kuuliza kwa nini Waafrika waitwe kufa katika vita isiyo yao, hali katika amani hawakumbukwi. Wakubwa waliizuia barua hiyo isienee. Mwezi Januari 1915 Chilembwe aliinua silaha, na tarehe 3 Februari 1915 aliuawa. Wasomaji wetu wanaweza kuwa na mawazo mbalimbali juu ya kuinua silaha kwake. Barua yake, hata hivyo, ilikuwa barua ya karani hodari: iliwataja waliosahauliwa, ikauliza hesabu yao iko wapi.

Na hesabu iko wapi? Upande wa Waingereza idara ya wapagazi iliongozwa na Oscar Watkins, aliyekuwa mtumishi wa Serikali kabla ya vita. Huyu alidai daftari, na taarifa yake ya baada ya vita ni moja ya sababu kwamba leo tuna tarakimu zozote za kuzitaja. Upande wa Wajerumani, ambao ndio waliokuwa wakubwa wa bonde letu vita ilipoanza, wapagazi wengi walishikwa tu njiani na vijijini, wala hakuna orodha iliyotimia. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, waliokufa katika vita ile, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda wengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Angalieni upana uliopo kati ya tarakimu hizo mbili. Karani wa bohari akikosea hesabu ya magunia kwa kiasi hicho atafukuzwa siku hiyo hiyo.

Kwetu jambo hili si la tarakimu peke yake. Kila mtu ajuaye msiba wa Kinyakyusa anajua kwamba maiti huliliwa na kundi zima, wanaume wakacheza na mikuki, ukoo ukahudhuria kutoka mbali, na urithi ukatulizwa mbele ya watu. Utamlilia nani, na lini, ikiwa hakuna aliyekuja kusema kwamba fulani amekufa mahali fulani? Mke wa mtu huyo ni mjane au si mjane? Ng'ombe wake waendelee kumngoja au wagawanywe? Jina moja lililokosekana katika daftari la jeshi liliacha kaya nzima imesimama mlangoni kwa miaka mingi.

Sasa tulinganishe na vita ya pili, maana hapo twaona wazi kwamba si vita yenyewe wala ugumu wa nchi uliofanya tofauti. Kutoka Tanganyika walikwenda watu wapatao 87,000. Waliokuwa katika KAR walipigana Ethiopia mwaka 1941 na Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka katika bonde la Kabaw huko Burma, wakati wa masika, katika nchi iliyosifika kwa homa kuliko risasi. Mwezi Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin.

Mkuu wa jeshi lote lile, Jenerali William Slim, aliona kuwa malaria inamtolea watu wengi kuliko adui. Dawa ilikuwapo, mepakrini, ila askari hawakuipenda. Iliwafanya ngozi kuwa ya manjano, na mengi yalinong'onwa juu yake. Slim hakutoa hotuba juu ya ushujaa. Aliagiza kila mtu ameze kidonge chake kila siku mbele ya mkubwa wake, na vikosi vikapimwa damu kwa ghafula. Ikiwa katika kila watu 100 hawakupatikana 95 waliomeza, aliyeadhibiwa si askari: mkuu wa kikosi aliondolewa kazini. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba ilimlazimu kuwaondoa watatu tu, na waliobaki wakaelewa.

Hatujui mfano wa uongozi ulio bora kuliko huu katika mambo ya jeshi. Mtazameni koplo mmoja wa Kiafrika mwenye watu wake kumi, amesimama mvuani na kikopo cha vidonge, anamwita kila mmoja kwa jina na kumtazama ameze. Hapigi mtu, hapazi sauti. Yule koplo alijifunza siku ile jambo ambalo mpagazi wa mwaka 1916 hakupata nafasi ya kujifunza, kwa kuwa hakukabidhiwa mtu yeyote. Twaamini kwamba ndiyo sababu askari wengi wa vita ya pili walirudi wakiwa wamebadilika. Walijifunza kusoma na kuandika, kuendesha magari, kupeleka habari kwa simu ya upepo, lakini zaidi ya hayo, wengi wao walikuwa wamepata kuulizwa, "Watu wako wako wapi?" na kutakiwa kujibu.

Hata hivyo jeshi lile lile liliweka dari. Mwafrika wa KAR katika vita vile hakupewa kamisheni ya uofisa, hata angekuwa hodari namna gani. Aliaminiwa watu kumi, akaaminiwa thelathini, kisha mlango ukafungwa. Dari hiyo ilidumu kuliko ilivyofaa. Tarehe 20 Januari 1964, miaka miwili na zaidi baada ya Uhuru, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi kwa ajili ya mishahara na kwa ajili ya maofisa Waingereza waliokuwa bado wakiwaongoza. Uasi wa askari haufai, na nchi ilifedheheka kwa kuomba msaada wa nje ili kuuzima. Lakini haikutosha kuwaadhibu. Ilibidi jeshi lenyewe lijengwe upya, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi.

Atakaye kuona dari ilificha nini na amtazame David Musuguri. Aliingia KAR mwaka 1942 kama askari wa kawaida. Mwaka 1979 alikuwa jenerali akiongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda, na kuanzia mwaka 1980 hata 1988 alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Hatukosei tukisema kwamba wengine wenye kipawa kama chake walistaafu wakiwa masajini, wakarudi kulima mpunga.

Wako watakaotujibu kwamba jeshi si ofisi, kwamba mkuu aliye chini ya risasi hawezi kukaa kuandika majina, na kwamba amri ikitoka hutekelezwa. Ni kweli, amri ikitoka hutekelezwa. Swali letu ni juu ya siku zile mia tatu na zaidi katika mwaka ambazo hakuna risasi, ambazo askari huishi kwa posho, dawa, viatu na barua za nyumbani. Katika siku hizo ndipo mtu huamua moyoni kama atamfuata mkubwa wake siku ya risasi. Na vitu hivyo vyote hupitia mikononi mwa karani. Karani achelewaye kuandika jina la mtu katika orodha ya posho amemwacha mtu huyo njiani, ingawa yeye mwenyewe hajatoka katika kiti chake.

Kwa hiyo twaleta shauri kwa wanachama walio katika kata za Mwaya, Ipinda, Matema, Ngonga, Kajunjumele na nyinginezo. Wajukuu na vitukuu wa wale wapagazi wangalipo, na wengi wao hulijua jina la mzee aliyekwenda na mizigo asirudi. Kila tawi na lifungue daftari moja. Iandikwe jina la mtu, jina la baba yake, kijiji chake, alichukuliwa na upande upi kama yajulikana, na jina la anayetoa habari. Pasipojulikana kitu paachwe wazi, wala pasijazwe kwa kukisia. Daftari zikikusanyika zipigwe chapa nakala tatu: moja ikae kwa katibu, moja katika ofisi ya wilaya, na moja ipelekwe kwa ndugu zetu wa Karonga, ambao huenda wana nusu ya pili ya majina hayo hayo.

Katika kikao yalizuka mabishano juu ya safu ya mwisho. Baadhi ya wajumbe walitaka askari na wapagazi waandikwe mbalimbali, kwa kuwa askari alikuwa na namba na cheo. Sisi twapendelea waandikwe pamoja, kwa kufuata herufi ya kwanza ya jina. Matawi yenye mawazo mengine na yamwandikie katibu kabla ya mkutano ujao.